UZI: India inakukumbatia na kukukera saa hiyo hiyo. Tuelekezane namna ya kuipokea

Msafiri wa Masika (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Kila uzi wa India unapofunguliwa humu, wachangiaji hugawanyika. Wapo wanaosema ni nchi ya watu wakarimu kupita kiasi, na wapo wanaosema ni nchi ya matapeli na macho yasiyopepesa. Wote wanasema kweli, na mara nyingi ni mtu yule yule siku ile ile: asubuhi ana hasira mpaka mikono inatetemeka, jioni machozi yanamlengalenga kwa wema wa mtu asiyemjua. Naomba tuzungumzie hilo lenyewe. Hisia hizo zinatoka wapi, na mgeni afanye nini zisimvuruge?

Kwa mtazamo wangu mzizi ni mmoja: India mgeni haachwi peke yake. Shughuli yako ni shughuli ya kila aliye karibu nawe. Tabia hiyo ndiyo inayomfanya dereva akufuate hatua hamsini akikuapia kwamba hoteli yako imefungwa, na ndiyo hiyo hiyo inayomfanya bibi mliyekaa naye behewani akumegee chapati kabla hajakujua jina. Kinachobadilika ni mahali. Nje ya lango la stesheni, uwanja wa ndege au Taj Mahal ni sokoni, na waliopo pale wanaishi kwa wageni wapya. Ukishavuka lango, ukawa ndani ya behewa au ndani ya ua wa hekalu, unageuka kuwa mgeni wa mtu. Moyo ubanwe langoni, ufunguliwe ndani. Wengi hufanya kinyume. Wanafika wamejiachia, wanaumizwa langoni, halafu wanajifunga na kumnyima salamu yule bibi.

Nianze na lango gumu kuliko yote, stesheni ya New Delhi. Ofisi ya tiketi za wageni iko ghorofa ya kwanza, upande wa mtaa wa Paharganj. Kabla hujafika kwenye ngazi atatokea mtu, pengine ana kitambulisho kifuani, akuambie ofisi imehamishwa au imeungua, akupeleke kwenye duka la mawakala karibu na Connaught Place. Huko utauziwa safari ya Kashmir ambayo hukuiomba. Kosa linaloanzisha yote ni kusimama. Usisimame, usijibu "unakwenda wapi", panda ngazi, ingia chumbani, kaa, chukua fomu. Ukiwa na pasipoti mkononi na namba ya treni umeiandika, mambo yanakuwa mepesi.

Ukitoka uwanja wa ndege wa Delhi, kituo cha 3, treni ya Airport Express inakufikisha New Delhi kwa kama dakika 20. Usiku wa manane chukua teksi ya kulipia kabla kwenye dirisha lao. Ile karatasi unayopewa ndiyo malipo ya dereva, kwa hiyo usimkabidhi mpaka usimame mbele ya hoteli yako mwenyewe. Ukimpa mapema umebaki huna nguvu yoyote.

Kaskazi77

Mkuu umegonga penyewe. Mimi niongezee treni, maana ndiko wageni wengi wanakopendana na India na ndiko wanakogombana nayo.

Daraja la Sleeper (vitanda bila kiyoyozi) na la 3A (vitanda na kiyoyozi) kila chumba kina vitanda 8: vitatu huku, vitatu kule, viwili pembeni mwa njia. Mgeni anayekata kitanda cha chini anadhani amenunua kiti chake binafsi. Sivyo. Kitanda cha kati hukunjwa mchana, kwa hiyo cha chini kinakuwa benchi la watu watatu. Muda rasmi wa kulala ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na nje ya hapo mwenye kitanda cha kati ana haki ya kukaa kwako. Ugomvi mwingi ninaousoma humu ("walivamia kiti changu") ni wa kutojua hilo tu.

Kwa hiyo chagua kitanda kwa hali ya moyo wako. Umechoka na watu? Chukua cha juu kabisa, utalala mchana kutwa na hakuna atakayekugusa. Unataka mazungumzo? Chukua cha chini. Sauti za wauza chai zitakuamsha popote ulipo.

Tiketi ikiandikwa WL ni orodha ya kusubiri. Ukikata mtandaoni na ikabaki WL mpaka orodha ya mwisho itolewe, inafutwa yenyewe na pesa zinarudi; usipande nayo. RAC maana yake unapanda, lakini mnashirikiana watu wawili kitanda kimoja cha pembeni mpaka nafasi ipatikane. Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Za dharura, ziitwazo Tatkal, hufunguliwa siku moja kabla: saa 4 asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi na saa 5 kwa yasiyo nacho, kwa saa za India, ambazo ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Kwenye njia zinazopendwa huisha ndani ya dakika chache, na ndipo mgeni anapoona nchi nzima imemkataa. Haijamkataa, abiria ni wengi.

Halafu maswali. Umeoa? Watoto wangapi? Mshahara kiasi gani? Mtu wa Ulaya anaona anahojiwa na polisi. Sisi tuliozoea kusalimiana mpaka mbuzi wa nyumbani haitupasi kushtuka. Jibu kwa ufupi kisha muulize yeye hayo hayo, atafurahi.

Dada wa Chennai

Mleta uzi, hapo kwenye chapati ya bibi behewani watu wawe makini kidogo. Kuna matangazo stesheni yanayoonya abiria wasile chakula cha wasiowajua, kwa sababu wapo wezi wanaotia dawa ya usingizi. Na papo hapo kukataa chakula cha familia kunaumiza. Kipimo kinachofaa ni kuangalia kama wanakula wenyewe kutoka chombo hicho hicho. Mama anayefungua bakuli la bati, anawagawia watoto, kisha anakunyoshea na wewe, pokea kwa mkono wa kulia. Mwanamume wa peke yake mwenye biskuti iliyokwisha funguliwa au chai ambayo haigusi yeye, weka mkono kifuani useme "pet bhar gaya", yaani tumbo limejaa. Hakuna atakayekasirika.

Nyota ya Kisumu

Naomba tuongee bei, kwa sababu hasira nyingi ni za pesa ndogo.

Taj Mahal mgeni analipa rupia 1,100, Mhindi analipa 50, na kila mmoja anaongeza 200 akitaka kuingia ndani penye makaburi. Ijumaa pamefungwa kwa watalii. Watu wanaiona hiyo 1,100 kama tusi. Lakini hata kwetu Kenya mgeni halipi bei ya mwananchi kuingia mbuga. Hiyo ni bei ya serikali, imeandikwa ukutani. Usiichanganye na bei ya mdomoni ya dereva wa bajaji.

Kwa bajaji (jina lenyewe tumelichukua kwa Bajaj, kampuni ya Pune, utaziona zimejaa na utajihisi uko Kariakoo) fungua programu ya usafiri kwenye simu, angalia inataja kiasi gani kwa safari hiyo, kisha ndipo uongee na aliyesimama mbele yako. Mkikubaliana, rudia bei, rudia kwamba ni kwa wote na si kwa kichwa, ndipo upande. Ubishi wa mwisho wa safari karibu wote unatokana na kile ambacho hakikusemwa mwanzo. Ukishapatana usiendelee kupiga hesabu moyoni. Wapo wanaopoteza mchana mzima kwa rupia 40.

Muuza chai ana karatasi ya kulipia kwa simu, lakini mfumo huo kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya India, kwa hiyo kadi yako ya nyumbani haitakusaidia pale. Kuwa na noti za 10, 20 na 50. Ukipewa chenji ichunguze noti moja moja. Iliyochanika au yenye tobo hakuna atakayeipokea baadaye, na aliyekupa analijua hilo.

Pwani Mchanga

Naomba kuuliza wakuu. Kwa nini nikiuliza njia naambiwa "ndiyo ndiyo" halafu napotea? Na kile kichwa kinachotikiswa pembeni ni ndiyo au hapana?

Kaskazi77

Mara nyingi ni "sawa, nimekusikia". Kukuambia "sijui" kwa wengi ni kukutupa mkono, basi anakupa chochote alicho nacho. Usiulize "stesheni ni huku?", maana utajibiwa ndiyo. Uliza "stesheni iko wapi?" na umtazame mkono unaelekea upande gani. Uliza watu watatu, wawili wakikubaliana nenda.

Dada wa Chennai

Sasa nizungumzie kundi ambalo nyuzi za utalii hulisahau: wanaokwenda na mgonjwa. Wazungumzaji wa Kiswahili wengi wanaiona India hivyo, kupitia Chennai, Hyderabad, Bengaluru, Mumbai na Delhi. Na hao ndio wenye moyo uliopasuliwa kuliko mtalii yeyote. Unamshukuru daktari aliyempa baba yako miaka mingine, na papo hapo unaichukia idara ya malipo iliyo ghorofa ya chini yake.

Sehemu kubwa ya chuki hiyo inazuilika. La kwanza ni tarakimu. Neno letu "laki" ni lao pia, na maana ni ile ile, 100,000. Lakini wanaweka alama ya mkato kwa namna yao. Ankara ikiandikwa 3,45,000 si elfu thelathini na nne na ushee, ni laki tatu na elfu arobaini na tano, tena za rupia. Na "crore" ni milioni 10. Ndugu aliye nyumbani akitumiwa picha ya ankara hiyo anaweza kuisoma vibaya, akachangisha pesa pungufu, kisha ukoo mzima ukaamini mmetapeliwa.

La pili, makadirio yaje kwa maandishi kabla ya kulazwa, na yataje siku za wodi ya kawaida, siku za chumba cha uangalizi maalumu, vifaa vinavyowekwa mwilini, na kama dawa zimo au hazimo. Yanayozidi ni zile siku za uangalizi na dawa. Uliza pia amana ikibaki inarudi kwa njia gani na kwa siku ngapi.

La tatu, viza. Operesheni kubwa haiendani na viza ya utalii. Viza ya matibabu ya mtandaoni ni siku 60 tangu kuwasili, na wasindikizaji wanaoruhusiwa ni wawili, kila mmoja na viza yake. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano kama Kenya, Uganda au Kongo lazima awe na kitabu cha chanjo, na chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Bila hicho kuna karantini ya hadi siku 6, na hospitali haitaweza kukutoa.

Upweke wa msindikizaji hauna dawa kamili. Ila panga gesti yenye jiko badala ya hoteli. Jikoni mtakutana na Wasudani, Waomani, Wabangladeshi, kila mmoja na mgonjwa wake, na huko ndiko utakakojua duka gani linauza unga unaofaa kusonga ugali.

Mwana wa Mrima

Nimesoma kwa utulivu. Mleta uzi, nadharia yako ya lango ni nzuri lakini kwa mtu mweusi haitoshi. Sisi tunakutana na lango hata ndani. Mtu anahama kiti, watoto wanacheka, mwenye nyumba anasema chumba kimejaa na tangazo bado liko nje. Januari 2016 mwanafunzi wa Kitanzania alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa ajali iliyosababishwa na mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwa hata Mtanzania. Machi 2017 wanafunzi wa Kinigeria walipigwa Greater Noida kwa uvumi. Haya tuyaseme wazi ili mgeni asidhani ni hisia zake tu.

Sasa namna ya kutofautisha. Hoteli kwa sheria lazima ipeleke taarifa za mgeni wa nje ndani ya saa 24, kwa fomu ambayo wengi huiita C-form. Gesti nyingi ndogo hazijajisajili kwa kazi hiyo, na zinakataa mgeni yeyote, hata Mjerumani. Ukikataliwa uliza kwa upole: "Hamna C-form?" Akisema hawana, ondoka bila kidonda. Akianza kubabaika, umeshajua, na pesa yako isilale pale. Kabla ya kulipia mtandaoni watumie ujumbe ukiwauliza wanapokea pasipoti ya nchi yako, ukihifadhi jibu lao.

Kutazamwa na kupigwa picha ni jambo jingine. Anayekuja na simu mkononi akaomba picha, mara nyingi ni mtu kutoka mji mdogo aliyekuja kutembea kama wewe. Ukikubali mmoja, tegemea foleni ya kumi. Amua mapema: ama kataa wa kwanza kwa tabasamu, ama kubali watatu useme "bas", imetosha. Anayepiga kwa kuiba, geuza uso utembee. Kugombana kunakusanya umati, na umati ndio hatari yenyewe. Dada zetu wakumbuke kwamba metro ya Delhi ina behewa la wanawake peke yao, kwa kawaida la kwanza.

Ila kuna jambo linaloupindua moyo wangu kila nikilifikiria. Nenda Ahmedabad, Lal Darwaja, kauone msikiti wa Sidi Saiyyed wa mwaka 1573. Mdogo tu, umesimama katikati ya barabara zenye kelele. Dirisha lake la nyuma ni jiwe lililochongwa mti: shina linapanda, matawi yanajisokota na kupishana, mwanga unapita katikati ya majani ya mawe. Picha ya mti huo ni alama ya jiji. Chuo chao kikuu cha biashara kimeichukua kwa nembo yake. Na aliyeujenga msikiti alikuwa Mhabeshi. Mwafrika anaweza kushangaliwa kama kioja akiwa hatua chache kutoka kwenye dirisha hilo.

Masidi, wajukuu wa Waafrika, bado wako Gujarat na Karnataka. Kijiji cha Jambur karibu na mbuga ya Gir ni chao. Ngoma yao wanaiita "goma", na sisi hatuhitaji mkalimani hapo. Mkienda msiende kama watalii wa kuwapiga picha watoto. Wanazungumza Kigujarati, wanajiona Wahindi, na wana haki ya kutosheka na hilo. Usimlazimishe mtu kuwa ndugu yako wa Kiafrika kwa sababu wewe una kiu ya ndugu.

Msafiri wa Masika

Mwana wa Mrima, napokea. Nadharia yangu ina kikomo hapo na umekionyesha vizuri kuliko nilivyoweza.

Pwani Mchanga

Shukrani. Na ombaomba? Na Varanasi je, kule wanakochoma maiti? Naogopa moyo wangu.

Nyota ya Kisumu

Ombaomba kwanza. Mama mwenye mtoto akikuomba si pesa bali kopo la maziwa, na duka analijua yeye, simama ufikiri. Kopo linalipiwa bei ya juu, na ukiondoka linarudi kwenye rafu. Chakula kilichopikwa, kinacholiwa papo hapo, hakirudishwi. Ukitaka kutoa zaidi toa mahali panapolisha watu, kama hekalu la Kalasinga.

Na hapo lazima uende ule mwenyewe. Bangla Sahib, Delhi, au Hekalu la Dhahabu, Amritsar. Vua viatu, kabidhi kaunta, osha miguu kwenye maji ya mlangoni, funika kichwa (vitambaa vipo, wake kwa waume), kaa chini kwenye mstari na yeyote aliye pembeni yako. Chapati inapokelewa kwa viganja viwili vilivyofunguliwa, si kwa kunyakua. Usibakishe. Hakuna anayekuuliza dini wala kukudai. Waliowahi kusimama kwenye hekalu lao la Makindu, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, wanaujua utaratibu huo. Tofauti ni wingi wa watu. Ukimaliza, ingia jikoni uoshe sahani kwa nusu saa. Mgeni aliyechoka kuwa mteja mji mzima, pale anapata kazi ya kufanya.

Kaskazi77

Varanasi. Uwanja mkubwa wa kuchomea ni Manikarnika, moto hauzimwi usiku wala mchana. Kuni hupimwa kwa mizani mikubwa, familia zikinunua kwa kilo. Kijana atakufuata aseme anahudumia wazee wanaosubiri kufa na kuomba mchango wa kuni. Usitoe kwake. Usipige picha kabisa, hata kwa mbali, maana kule ni msiba wa watu. Ukitaka kuona bila kumkanyaga mtu, panda boti ya makasia alfajiri, patana bei kwa saa na si kwa kichwa, umwambie mwenye boti asisogee karibu na mioto.

Kinachomchanganya mgeni ni kwamba hakuna kilio. Mbuzi anakula maua ya maiti, mtoto anarusha tiara, mtu anakunywa chai hatua kumi kutoka kwenye moto. Kwa imani yao, aliyekufa hapo ameipata bahati aliyoiomba maisha yote, na ndugu wanajizuia kulia ili wasimvute nyuma. Ukiona moyo unakataa, ondoka, hakuna aliyekulazimisha kutazama. Usifike hapo siku yako ya kwanza India.

Dada wa Chennai

Na hilo la siku ya kwanza ndilo la kuzingatia. Nusu ya "India imenishinda" ni usingizi, joto na maji mwilini. Mei na Juni Delhi hufika nyuzi 45. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni za kaskazini kwa saa nyingi. Novemba moshi unakwaruza koo. Lala mji mmoja usiku tatu za mwanzo, usinunue kitu kikubwa wala kubadili tiketi kwa hasira ndani ya siku hizo.

Tumbo likiharibika, duka la dawa lina ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Soma pakiti: kubwa ni ya lita 1, ndogo ni ya mililita 200. Ukitia kubwa kwenye glasi moja unakunywa chumvi kali inayozidisha tatizo, na kwa mtoto ni hatari. Vinywaji vitamu vya boksi si badala yake.

Msafiri wa Masika

Ahsanteni. Niongeze la kuondokea, maana limewakosesha wengi ndege. Viwanja vya India huwezi kuingia jengoni bila tiketi na pasipoti, askari wanakagua mlangoni kabisa. Chapisha tiketi, au iwe kwenye simu yenye chaji, jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Mwenyeji aliyekusindikiza haingii nawe. Kuagana ni pale nje, kwenye kelele za madereva na mikokoteni ya mizigo, lango lile lile la siku ya kwanza. Fikeni mapema, mumpe mwenyeji wenu muda wa kuagana.